Waya Mmoja, Migongo Miwili

Fundi wa mageti mtaani kwetu ni mwanamke, na kila mtu humwita Cheche. Miaka ya kukata na kuchomelea vyuma imempa mikono isiyoshtushwa na moto, lakini imemnyang'anya masikio. Usikivu wake haukuondoka siku moja. Ulihama kama mpangaji mstaarabu: leo kabeba kiti, keshokutwa meza, hata akageuka akakuta chumba karibu kitupu. Kilichobaki ni vishindo na miungurumo, kama watu wanaozungumza nyuma ya ukuta mnene. Mteja akimpazia sauti, humwambia, "Mbona unanifokea kama nimekuibia kuku? Nigeuzie uso nione mdomo."

Mdogo wake ni mshonaji, tena mwimbaji. Binti wa huyo mdogo alipokaribia kuolewa, alikwenda karakanani kwa Cheche akaomba jambo moja tu.

"Mama mkubwa, siku yangu nataka ule wimbo wa bibi. Mama aimbe, wewe upige zeze."

Bibi alikuwa dobi, na wimbo ule aliuimba akipiga pasi mashuka ya watu. Mabinti zake wakaurithi kama wengine wanavyorithi shamba: mdogo akachukua sauti, mkubwa akachukua zeze. Lakini zeze lenyewe lilishaliwa na mchwa, na Cheche hakuwa amepiga tangu masikio yalipompa kisogo.

"Nitapiga," alijibu, kama mtu aliyeulizwa iwapo atakunywa maji.

Alianza na kopo la rangi. Aligonga makopo mengi, kila moja akiliegemeza kwenye mfupa wa taya, akayatupa yale yaliyonyamaza upesi. Lile aliloridhika nalo akalitoboa ubavuni, akapitisha humo mti uliosalia alipotengeneza fremu ya mlango, mti aliokwisha kuupiga msasa mpaka ukateleza kama sabuni. Waya wa breki ya baiskeli akaufumua, akachagua uzi mmoja usio na kovu, akaukaza kwa kigingi. Chini ya uzi akasimika kipande cha kitana, ili mtetemo upite humo uingie tumboni mwa kopo. Mkono wa kulia ungedonoa. Wa kushoto ungetelezesha kipande cha bomba juu ya uzi, kupandisha na kushusha sauti. Ncha ya mti aliiacha ndefu makusudi, ailaze tayani. Alipodonoa mara ya kwanza, mlio ukampanda mfupani hadi kwenye magego. Akacheka peke yake karakanani.

Siku ya mazoezi alilibeba begani hadi kwenye chumba cha mdogo wake cha kushonea. Shemeji yake, baba wa bibi harusi, alikuwa amekaa juu ya marobota ya vitambaa.

"Shemeji, hilo kopo litaimba au litapaka?"

"Litapaka. Tutaanza na hicho kichwa chako, naona kimeshabanduka rangi."

Wakaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye wa pili Cheche, ambaye hutazama nyuso kama wengine wanavyosikiliza redio, aliona tabasamu la shemeji limeganda, kama mtu aliyetafuna changarawe mbele ya wageni. Akaacha kudonoa.

"Semeni."

Mdogo wake alimgeukia ili mdomo uonekane. "Dada, umebaki chini. Mimi nimepanda."

Ndivyo alivyo mdogo wake. Wimbo ukimkolea, sauti yake hupanda kama maziwa jikoni, na hajui imepanda. Zamani sikio la Cheche liliinasa mapema, na mkono ukaifuata. Sasa uzi wake ulikuwa sahihi kabisa, mahali ambapo wimbo haukuwepo tena.

"Tangu utotoni hujawahi kumaliza wimbo pale ulipouanzia. Safari hii nifuate mimi."

Mdogo akajaribu. Alijibana, akaishika sauti isipande, na wimbo wa mama yao ukatoka kama tangazo la kukatika maji.

"Nikijizuia wimbo unakufa, dada."

Shemeji alijikuna kidevu. "Kuna kijana wa kinanda. Naweza kumpigia simu. Siyo kwa ubaya, shemeji."

"Mpigie," alisema Cheche. "Aje ale. Kupiga nitapiga mimi."

Alilala na neno hilo, na lilikuwa zito kuliko alivyolitamka. Kama asingeipata sauti ya mdogo wake, wimbo ungebaki na nusu yake, na nusu iliyopotea ingekuwa yeye. Asubuhi, akijaribu geti jipya, aliligonga kwa nyundo na kuweka kiganja upande wa pili, kama kawaida yake, kuhisi kama kiungo kimeshika. Akasimama na kiganja palepale. Kisha akavua aproni, akabeba zeze.

Alimkuta mdogo wake kwenye cherehani. Akaburuta kigoda, akaketi nyuma yake, mgongo kwa mgongo, kama walivyokaa utotoni wakikunja soksi za wateja wa mama yao.

"Wewe, unanisukuma!"

"Imba."

Sauti ikaanza kama joto katikati ya mabega. Ilipopanda, Cheche aliihisi ikitoka mbavuni kwenda shingoni, na kipande cha bomba kikapanda nayo.

Siku ya harusi shemeji mwenyewe ndiye aliyeleta benchi katikati ya ukumbi. Wageni walinong'ona walipoona dada wawili wamepeana migongo kama waliogombana. Yule kijana wa kinanda alikaa na sahani yake mapajani. Ubeti wa pili ukapanda, uzi ukapanda. Mdogo, alipoona anafuatwa kila aendako, akaingiwa na utundu wa miaka yote. Akapanda tena makusudi, na tena, hadi bomba la Cheche likagonga kitana.

"We mtoto, shuka! Waya umekwisha!"

Alidhani amenong'ona. Ukumbi mzima ulimsikia, na bibi harusi akainama akishika tumbo. Mgongo ule nyuma yake ukaanza kutikisika. Huo haukuwa wimbo, kilikuwa kicheko, na Cheche alikisikia chote. Alingoja kiishe, akarudisha bomba chini, akadonoa uzi.

"Haya. Ubeti wa tatu."