Kitabu Kilichofungiwa Drooni

Nilipomaliza masomo ya dawa, serikali ya Mwingereza ilinipeleka hospitali ya Singida nikajifunze kazi mwaka mzima chini ya mchanganya dawa mkuu. Kujifunza! Nilikosha chupa. Wagonjwa walikuja nazo kutoka Mkiwa na Mandewa, nyingi zikinuka mafuta ya taa, na mimi, mwenye cheti, nikazisugua kwa mchanga huku yeye akichanganya dawa amenipa mgongo.

Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, kisha nikamwomba kitabu cha vipimo. Alikuwa amekifungia kwenye droo, ufunguo ameuvaa shingoni kama hirizi. "Kitabu hiki si cha watoto," alisema, akimimina rangi nyekundu kwenye kila chupa, iwe ya kikohozi au ya tumbo, kwa sababu watu waliiamini dawa nyekundu. Nami, mjinga, nilidhani ananificha elimu.

Siku moja daktari wa wilaya, Mzungu, aliingia ghafla akataka aonyeshwe kipimo cha dawa ya kikohozi kitabuni. Mzee akafungua droo kwa mbwembwe. Kitabu kilikuwa cha namna ile ya zamani, kurasa zimeshikana ukingoni mpaka msomaji azikate kwa kisu. Haukuwapo hata ukurasa mmoja uliokatwa.

Mzee hata haya hakuona. Alinigeukia, akasema, "Lete kisu, kijana. Si ulisema unataka kujifunza?"