Mikono Mitupu Mlangoni pa Maabara

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ukungu ukiwa bado umelalia migomba. Nilikuwa nimetoka kwetu Murukulazo kuja kufanya kazi katika maabara ndogo ya mifugo huko Biharamulo, na nyumbani nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Nikifumba macho asubuhi ile hunijia polepole, na mara nyingine sijui lipi niliishi na lipi niliota.

Msimamizi wetu, Mama Adela, alikuwa amebandika ukutani mpango wa usalama: nani apokee sampuli, avae nini, ikimwagika tufanyeje. Kila Jumatatu alitusomea, nasi tukichekea pembeni. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Basi akafika mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji wa Nyarubungo, ambaye ng'ombe wake watatu walikuwa wamekufa ghafla. Alikuwa amekinga damu kwenye chupa ya soda, akaiziba kwa gunzi la mahindi. Mpango ulisema mgeni aiweke mwenyewe ndani ya sanduku lililo nje. Lakini mimi nimelelewa kwamba mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, na mkono uliofunikwa ni dharau. Nikavua glavu, nikapiga goti, nikamwamkia, nikaipokea. Gunzi likachomoka. Damu ikatiririkia kwenye mchubuko nilioupata kwa jembe.

Mama Adela hakunigombeza. Alininawisha kwa sabuni muda mrefu, akanipeleka hospitali nikaanzishiwa dawa, kisha akasema, "Hatujui bado ni ugonjwa gani. Mpaka tujue, mtoto usimguse."

Siku zile zilipita kama za mtu mwenye homa. Dada yangu alimleta mtoto hadi dirisha la hospitali, mtoto akalia, na maziwa yakalowesha gauni langu. Niliogopa mno, sikufichi. Majibu yakarudi: kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu. Kidonda kilitokea mkononi, lakini dawa ziliwahi, nikapona, nikarudishiwa mtoto wangu.

Yule mzee alipokuja kunijulia hali, nilimweleza kwamba niliona aibu kumpokea na glavu.

"Binti yangu," akasema, "salamu ya mbali nayo ni salamu. Nimeshafukia ng'ombe. Sikutaka kuzika mtoto wa mtu."

Mama Adela alisikia. Akachukua kalamu, akaongeza mstari kwenye mpango: mgeni asalimiwe kwa mdomo, na aelezwe sababu. Alikiri kwamba kosa halikuwa langu peke yangu, kwani alipanga mambo ya vijidudu akasahau watu.

Kwa hiyo, mwanangu unayekwenda kushika vitu vya hatari, tahadhari kabla ya hatari. Wewe na wenzako kaeni chini mapema, mjiulize nini kinaweza kuharibika, na msisahau desturi za atakayebisha hodi. Mkishaandika mpango, uufuate hata siku unayoona haya. Mpango umewekwa kwa ajili ya siku hiyo hasa.

Nenda, Mungu ailinde mikono yako. Na kila jioni ukifika nyumbani, mtoto akikukimbilia, umpokee bila hofu.