Mbegu Haisagwi

Juzi nilipanga foleni kwenye mashine ya kusaga pale Hedaru. Zamu ya mama mmoja ilipofika, msagaji alichota mahindi yake kiganjani, akayanusa. Yalinuka moshi wa dari la jikoni, tunakotunzia mbegu.

“Dada, hii mbegu. Sisagi.”

“Watoto wamelala njaa, kaka. Saga.”

“Mvua ikija utapanda nini?”

Mchuuzi mwenye gunia akacheka. “Siku hizi ni soko huria, bwana. Amri ya kukataa kazi umeitoa wapi, kanisani au serikalini?”

“Hata kanisa na serikali visingekuwepo,” msagaji alijibu, “aliyekula mbegu amekula mwaka kesho.”

Mama alikumbatia kifuko chake, macho chini. Bibi aliyekuwa nyuma yake akachota bakuli la mahindi yake, akalimimina kwenye kapu tupu alilokuja nalo mama kubebea unga. Likafuata jingine kutoka kwa wengine foleni, na jingine. Mchuuzi naye akafungua gunia, akinung’unika, “Nami nikikwama, mnikumbuke.”

Wako wanaosema wema wa hivyo ni hesabu tu ya watu wanaotaka kuishi. Sawa. Mimi sijaona hesabu tamu kama ile iliyomrudisha mama nyumbani na unga kichwani, mbegu kwapani.