Siku Nilipoogelea Kuelekea Indiana

Siku waliponitoa kwenye mto Ohio kwa mashua naikumbuka kama vile maji yake bado yako masikioni, mwanangu. Kila ninapokuona umekunja uso kwa sababu jambo limekushinda mara ya kwanza, mto ule unanirudia. Kwa hiyo kaa. Simu iweke kifudifudi, haitakimbia, nami nikusimulie.

Kwanza ujue mimi ni nani, maana ninyi vijana mnaniona nimekaa kiti cha mbele kanisani mnadhani nilizaliwa nimekikalia. Shule niliiacha darasa la nne, kule kwetu Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Nilifika Amerika na mke, mtoto na mfuko mmoja wa nguo, nikaanza kubeba maboksi ghalani hapa Columbus. Baada ya muda si mrefu nilikuwa nasimamia watu wenye diploma ukutani. Nyumba yangu ya Gahanna sikupewa na mtu. Kufunga mabomba, kutengeneza gari, kujaza fomu za kodi ya serikali, vyote nilijifundisha peke yangu. Nasema hivi si kwa majivuno, ingawa majivuno kidogo yamo, nayo nimeyafanyia kazi. Nasema uelewe kwamba mtu wa namna hiyo ni mgumu sana kufundishwa.

Sasa, ni kama miaka kumi imepita. Mmarekani mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akisimulia mashindano yanayoitwa triathlon. Mnaogelea, mkitoka majini mnapanda baiskeli, mkishuka kwenye baiskeli mnakimbia, yote siku moja bila kupumzika. Wenzangu wakashangaa. Mimi nikacheka.

"Kuogelea? Mimi mtoto wa ziwa Tanganyika. Baiskeli? Nimebebea watu mihogo kwa baiskeli tangu sijaota ndevu. Na kukimbia, bwana, sisi tumekimbia vita. Nani atanikimbiza?"

Nikajiandikisha kwenye yale ya Louisville, kwa kuwa mdogo wangu Yeremia alikuwa akikaa kulekule, mtaa wa Newburg, kitanda na ugali vilikuwa tayari.

Wiki hiyohiyo Neema, binti yangu wa kwanza, alianguka mtihani wake wa kwanza wa uuguzi. Alirudi nyumbani, akasukuma vitabu chini ya kitanda, akaniomba nimtafutie kazi ghalani. Moyo wangu uliuma. Mimi nilibeba maboksi ili yeye asiyabebe. Nikamwambia kwa sauti ya baba, "Katika nyumba hii hakuna anayeacha kitu katikati."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, lakini maana yake ilikuwa hii: "Papa, ni rahisi kusema. Wewe sijakuona hata siku moja ukijaribu kitu usichokijua. Maliza hayo mashindano, nami nitarudi shule. Usipomaliza, unanipeleka ghalani."

Nilimpa mkono palepale, mama yake akiwa shahidi. Moyoni nilisema, huyu mtoto amekwisha rudi shule.

Asubuhi ya mashindano ya Louisville, yenye ukungu, nilifika mtoni na Yeremia. Nilikuwa nimevaa ile nguo ya mpira ya kuogelea, zipu nimeiweka mbele kama koti. Watu waliniangalia sana, nami nikadhani ni kwa sababu ya kifua changu. Baadaye ndipo nilijua zipu hukaa mgongoni. Waandaaji wakaita watu karibu, wakaanza kueleza njia kwa kipaza sauti. Mimi nilikuwa napigwa picha.

"Yaya, si uende usikilize?" Yeremia akaniuliza, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya.

"Waache. Wanafundishwa wasiojua kuogelea."

Filimbi ikalia. Mwanangu, nilitoka kama samaki. Sasa ujue kwetu, mtu akiingia kwenye mto Ruzizi kuogelea, ana sababu: anakwenda ng'ambo. Hakuna mtu mzima anayeogelea kando ya ukingo kisha anarudi alikotoka, labda amesahau kitu. Nilipoinua kichwa, nikaona niko peke yangu mbele. Nikafurahi. Wengine wote wako wapi? Nimewaacha. Nikaongeza mikono. Mkondo ulikuwa unanivuta kuteremka, mimi nasukuma, nasukuma, hadi mashua ikanikata mbele, na ndani yake msichana mwenye kofia nyekundu.

"Bwana, unakwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ni Indiana," akasema. "Mashindano yako Kentucky. Maboya ya njano uliyaona?"

Niliyaona. Nilidhani ni ya kufungia boti.

Huwezi kumaliza mashindano ukitolewa majini kwa mashua. Habari ilifika Columbus kabla yangu. Jumapili, pale mlangoni mwa kanisa, waimbaji walinipokea: "Papa Indiana, karibu. Habari za ng'ambo?" Hata mchungaji alikohoa ili asicheke. Neema peke yake ndiye hakucheka. Aliniangalia tu.

Nikasema, bon, ule ulikuwa mto wa watu. Nitafanya hapa kwetu Columbus, kwenye maji yaliyotulia. Mara hii maboya niliyafuata. Nilitoka majini nimechoka, uso juu muda wote, shingo imekakamaa kama ya ngamia, lakini nilitoka. Nikapanda baiskeli. Kanisa lilikuwa limekuja karibu lote, na ngoma, na masufuria ya sambusa, wamejipanga kwenye mlima mmoja mdogo ambao kwa gari huuoni kabisa kama ni mlima.

Kwa baiskeli nikauona. Katikati yake miguu ikakataa.

Kule kwetu, barabara ya kupanda milimani, mtu mwenye baiskeli yenye mzigo haachwi peke yake. Ukimkuta kwenye mwinuko unaweka chini mzigo wako, unashika nyuma, unasukuma. Ukimpita bila kumsukuma, watu watauliza ulilelewa na nani. Basi wale wamama waliponiona nayumba, walifanya walivyolelewa. Ngoma ikawekwa chini. Mke wangu mwenyewe alifunga kitenge vizuri, akashika kiti cha baiskeli, waimbaji nyuma yake, nikapanda ule mlima kama rais. Nikawapita vijana wawili wenye baiskeli za bei, nikawapungia mkono.

Juu ya mlima palikuwa na bwana mmoja wa mashindano, amekaa kwenye pikipiki, mikono kifuani.

"Huruhusiwi kusaidiwa na watu wengine," akaniambia.

"Hawa si watu wengine," nikamjibu. "Ni kanisa."

Alikuwa mtu wa adabu, aliomba radhi, lakini alinitoa. Nilibishana naye mpaka Kiingereza kikaniishia, nikaendelea kwa Kiswahili. Mama Neema alilia pale barabarani akidhani amenifungisha jela.

Kesho yake asubuhi, nikinywa chai, Neema alisimama mlangoni pa jikoni amevaa viatu vya kazi vya mama yake.

"Papa, ghalani mnaanza saa ngapi?"

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia kuna mashindano ya Buffalo mwisho wa kiangazi, anipe hiyo moja. "Ya mwisho," akasema, akavua viatu.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Mama mkwe wangu alikuwa akikaa Buffalo, mtaa wa Black Rock. Nikaenda na mke wangu kumsalimu na kumwomba tulale kwake siku za mashindano. Desturi yetu unaijua: mkwe na mama mkwe hawatazamani machoni wala hawasemezani ovyo. Mimi nilikaa sebuleni, yeye jikoni amenipa mgongo, anakoroga sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, na kati yetu hakuna hata ukuta. Maneno yote alimwambia binti yake.

"Mwulize mume wako, nani alimfundisha kuogelea?"

Mke wangu akanigeukia. "Mama anauliza nani alikufundisha kuogelea."

"Mwambie nilijifunza mwenyewe."

"Anasema mwenyewe."

"Nimesikia. Na baiskeli?"

"Mwenyewe."

"Na haya mashindano yao?"

Mwiko ukagonga sufuria.

"Bon. Mwambie mimi, na meno haya machache, kila asubuhi nakaa darasani na kalamu. Mwalimu wangu ni msichana kama Neema. Jana amenifundisha jina la meza kwa Kiingereza. Meza, kitu nilichopangusa maisha yangu yote. Sikuona aibu. Donc, basi, yeye anaona aibu ya nini? Anamtaka mtoto arudi kuanza chini, na yeye mwenyewe chini hataki hata kupakanyaga."

Mke wangu akafungua mdomo kunitafsiria. Nikamwambia, "Acha, nimeelewa."

Nilikasirika, mwanangu, nisikudanganye. Mimi, msimamizi wa watu, naambiwa habari za meza. Nilikasirika njia nzima ya kurudi, mpaka tukafika karibu na nyumbani, na hasira ikanichoka.

Wiki ile nikaenda kwenye bwawa la kuogelea la mtaa, nikamwambia mama mmoja mwenye mvi na filimbi shingoni kwamba sijui kuogelea. Akanitia kwenye darasa la wanaoanza. Wanafunzi wenzangu walikuwa wabibi wa Kimarekani waliotumwa na daktari kwa ajili ya magoti yao. Tulishika ukingo, tukaingiza uso majini, tukapuliza mapovu. Mtoto wa Tanganyika, napuliza mapovu. Yule mama akaniambia nina nguvu nyingi ninazozitupa bure kwa sababu sitoi pumzi. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikibana pumzi majini, na hakuna aliyeniambia, kwa kuwa hakuna niliyemuuliza.

Jioni moja Neema alikuja kunichukua mapema. Nilipotoa uso majini nikamwona nyuma ya kioo, mkono mdomoni, mabega yanatetemeka. Alikuwa anacheka. Tangu mtihani ule sikuwa nimemsikia akicheka. Nilipoingia kwenye gari akaniuliza, "Papa, wale wabibi wanakushinda?"

"Wawili tu," nikasema. "Wa tatu tuko sawa."

Aliendelea kutabasamu mpaka nyumbani. Baada ya hapo alikuwa akija mapema kila mara.

Buffalo ikafika. Nilisimama mbele kabisa wakati wa maelezo, nikauliza maswali mpaka watu wakaangalia saa zao. Zipu ilikuwa mgongoni. Ziwa lilikuwa baridi la kukata, lakini nilipuliza mapovu yangu boya kwa boya, nikatoka wa katikati. Kwenye baiskeli tairi likapasuka. Zamani ningelilaani, ningeitupa baiskeli majanini. Nilikuwa nimemwomba kijana wa duka la baiskeli anifundishe kubadilisha mpira, nikakaa chini nikabadilisha, polepole, vibaya, mikono imejaa grisi, huku wote niliowapita wakinipita, na waliobaki nyuma nao wakinipita. Wale wabibi wangekuwepo, nao wangenipita.

Kukimbia sasa. Mwanangu, ukishuka kwenye baiskeli miguu si yako, ni ya mtu mwingine na amekuazima kwa shingo upande. Jua lilipanda. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia. Mahali fulani Neema alitokea kando ya barabara, akaanza kutembea upande wa pili sambamba nami. Hakunigusa, hakunipa hata maji. Alikuwa akisema tu, mara kwa mara, kwa Kiswahili, "Uko hapo, Papa. Uko hapo."

Nilifika wakati wanakunja meza. Mbele yangu hakuna mtu, nyuma yangu hakuna mtu. Mzee mmoja alinivisha medali akaniambia mimi ndiye wa mwisho, kana kwamba sikujua. Nikamwambia, "Andika vizuri jina langu." Mama mkwe alikuwa amesimama na mwavuli wake, anaangalia ziwa. "Mwambie mume wako," akasema kwa binti yake, "chakula kinapoa." Kwake yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Njiani kurudi Columbus mama yake Neema alilala nyuma. Neema alikuwa anaendesha, mimi miguu imevimba. Halafu akasema, "Mimi ule mtihani sitaurudia."

Nikamgeukia. Mashindano si nimemaliza?

"Nataka kurudi nyuma zaidi," akaendelea. "Kuna darasa la msingi la hesabu za dawa. Niliruka kwa sababu niliona haya kukaa na wanaoanza. Utanishusha pale Jumatatu kabla ya kazi?"

Nilisema ndiyo. Nilitaka kusema mengi, unanijua, lakini nilisema hiyo moja tu, nikageuza uso dirishani nikaangalia mahindi ya Ohio mpaka yakaisha.

Leo ni muuguzi, na wewe umemwona akinipima presha na kunigombeza. Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nayo imenigharimu viungo. Usione haya kukaa na wanaoanza. Nguvu unazo, akili unazo, hata mimi nilikuwa nazo, na zilinipeleka Indiana. Wanapoeleza njia, sogea mbele usikilize, hata kama unadhani unaijua. Wakikucheka, cheka nao kidogo kisha urudi kazini. Wanaokupenda watataka kukusukuma mlimani. Wapende, lakini sehemu yako ipande mwenyewe. Na ukifika wa mwisho umefika, jina lako liandikwe vizuri.

Mungu akupe mwalimu mwenye subira na masikio ya kumsikia. Akupe kifua cha kuanguka mbele za watu na kuinuka mbele za watu walewale. Akupe wa kutembea kando yako mpaka mwisho, na siku moja nawe akupe wa kutembea kando yake. Haya, inuka sasa. Ule mtihani uliokushinda, kamwulize mwalimu wako ni wapi pa kuanzia.