Sahani ya Jirani na Ushuru wa Marekani

Mwaka huu Ramadhani ilinikuta nafundisha habari za Marekani. Nasomesha historia kidato cha sita, na mada ilikuwa ile miaka kati ya vita viwili vya dunia, Marekani ilipokataa kujiunga na jumuiya ya mataifa ambayo rais wake mwenyewe ndiye aliyeipigia debe, ikapandisha ushuru kwa bidhaa za wenzake, halafu ikashangaa wenzake nao wakipandisha. Miaka yote nimeifundisha kwa kukariri. Mwaka huu niliifundisha kwa raha, na sababu ni mama yangu.

Mama ni Mrangi wa Kondoa. Nilimleta kwangu Ipagala, akae nami na wanangu, baada ya baba kufariki, na kusema kweli mji ulimshinda mpaka alipompata jirani wa upande wa pili wa ukuta, mama wa rika lake, naye wa hukohuko Kondoa. Mtaani kwetu hao wawili tu ndio wanaozungumza Kirangi cha kueleweka. Changu mimi ni cha kuombea maji. Kila Ramadhani sahani zinapita juu ya ukuta, huyu akitoa viazi, yule akirudisha na tambi, maana kwetu sahani ya mtu hairudi tupu.

Basi wiki ya kwanza tu, jirani akasema mbele ya wageni wake kwamba kunde za mama zimezidi chumvi. Neno likaruka ukuta. Mama akasimama jikoni, mkono kiunoni: "Kwangu hakitoki kitu, na chake hakiingii." Sahani ya jirani yenye maua mekundu ikakwama kabatini kwetu, na bakuli letu likakwama kwake. Kurudi tupu haiwezekani, na kupika mama hataki.

Nikadhani itapita baada ya siku mbili. Wapi! Mama akawa anafuturu kimya, redio anaiwasha na kuizima. Nikaanza kuogopa kwamba Idi itamkuta hivyo, na ataniambia nimrudishe Kondoa, kwenye nyumba isiyo na mtu.

Jioni moja nilikuwa nasahihisha madaftari, yeye anachambua mchele, nikacheka peke yangu.

"Unacheka nini?"

"Wamarekani. Walifanya kama wewe." Nikamweleza habari ya ushuru.

"Na hao waliofungiwa wakafanyaje?"

"Nao wakafunga. Biashara ikalala kila upande. Hata wakulima wa Marekani wakabaki na mavuno bila mnunuzi."

Hilo lilimuuma. Mama amelima mahindi maisha yake yote, na magunia yake ameyasindikiza mwenyewe mpaka soko la Kibaigwa. "Mavuno yaoze kwa kiburi," akasema. "Ikaishaje?"

"Akaja rais mwingine. Wakaanza kukaa na nchi mojamoja, wewe punguza kidogo, nami nipunguze. Na zile nchi za kusini mwao, walizozoea kuzipelekea askari, wakazitangazia siasa ya ujirani mwema."

"Ujirani mwema. Wakawapelekea nini?"

Darasani sijawahi kuulizwa hivyo. Nikasema waliwaondoa wale askari.

"Hiyo ni kuacha ubaya. Nimekuuliza walipeleka nini."

Nikafungua kitabu changu, nikapekua. "Mwalimu gani wewe," akasema, akaendelea na mchele wake.

Kesho yake alasiri nikakuta kunde za karanga jikoni. Akazipakua kwenye sahani yenye maua mekundu, akafunika, akanikabidhi. "Pitia mlangoni. Ukutani ni kwa wanaosemezana."

Nikabisha hodi kwa jirani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Kaa, adhana imekaribia." Nikakaa, roho juu. Ilipoadhiniwa akatafuna tende moja, kisha akazifuata kunde kabla ya kitu kingine chochote. Akatafuna polepole. "Mwambie mama yako chumvi bado imezidi." Akanijazia bakuli letu tambi za moto.

Njiani nilifikiria kudanganya. Nilishindwa, nikamfikishia mama ujumbe kama ulivyo. Akacheka mpaka akashika meza. Akatoka uani, akapaza sauti kwa Kirangi juu ya ukuta, na upande wa pili ukajibu papo hapo. Walisimama pale wakirushiana maneno na vicheko hadi tambi zikapoa. Mimi niliambulia nusu ya maneno na furaha yote.

Aliporudi nikamuuliza kama hasira imekwisha.

"Nilikasirika kweli. Lakini wewe na watoto wako mnakula chumvi hiyo mwaka mzima kimya, kama vile mimi mgeni kwenu. Yule ananisema kama mtu wa nyumbani."

Siku ya Idi, jirani akiwa amekaa kwenye mkeka wetu pamoja na wageni, nilionja pilau ya mama nikasema imepungua chumvi. Mama aliinuka mwenyewe kuifuata chumvi, huku akicheka.