Nilimwona na Sombe Kichwani, Nikanyamaza

Mimi ndiye niliyeharibu jina la Papa Ramazani. Naanza na hilo kwa sababu nikizunguka nitakimbia, najijua. Jina langu siliandiki. Mkitaka kunitukana, nitukaneni hivyo hivyo bila jina, nitasikia.

Mimi ni mama mkulima, huku Kongo, upande wa Kasongo, kwenye njia ya kwenda Wamaza. Mume wangu yuko Salamabila, anawauzia wachimba dhahabu vitu vidogo vidogo. Shamba ni langu mimi na jembe langu. Nalima mahindi, na katikati ya mahindi nimepanda mihogo, kama wanawake wote wa huku.

Tuna chama cha wakulima. Chama kilikuwa na pompi moja ya kupulizia dawa, ile ya kubeba mgongoni, na mtu mmoja wa kuibeba, Papa Ramazani. Sisi wengine tulikuwa hatuigusi. Viwavi wakiingia kwenye mahindi yako, unamwita, anakuweka kwenye zamu, unangoja.

Ah, mzee huyo alinichosha! Kabla ya kupuliza shamba la mtu, siku moja mbele, alipita nyumba kwa nyumba. "Kesho napiga dawa kwa Mama Feza. Mutu asichume sombe pale mupaka niseme." Ukimpa chai, anakaa. Anaanza habari za magoti yake. Nyumba ya pili, chai tena, magoti tena. Akishapuliza, anafunga vitambaa vyekundu kwenye kila kijia kinachoingia shambani.

Niwaeleze wasio wa kwetu. Huku mihogo ni ya mwenye shamba, lakini majani yake, yaani sombe, hayana kesi. Mama aliye na chungu motoni anaingia kwenye shamba la mwenzake, anachuma ya kumtosha, anaondoka. Hata hodi hapigi. Ukimnyima mtu sombe, utasemwa mpaka uzeeke. Ndiyo sababu mzee alikuwa anazunguka. Na mimi nilijua! Nimezaliwa hapa hapa, nani atanifundisha mambo ya sombe?

Msimu ule viwavi walinimaliza. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, na kila asubuhi nilikuta mahindi yametobolewa kitovu, mavi ya viwavi yamejaa ndani. Nililia shambani peke yangu. Kwa hiyo siku ya mkutano wa chama nilisimama nikiwa na hasira zangu zote.

"Kila mutu anunue pompi yake! Tutangojea mutu mumoja mupaka lini? Viwavi haviko na zamu!"

Wengi walipiga makofi. Papa Ramazani alijibu polepole, kama kawaida yake.

"Pompi haiko shida, mama. Munaweza kununua hata sasa. Lakini nani atazunguka kuambia watu?"

"Weye unazungukaka juu ya chai!" nilimwambia.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mzee naye alicheka kidogo, akaangalia chini. Nilirudi kukaa nikijiona bingwa.

Mume wangu alinitumia pompi kutoka Salamabila, imefungwa ndani ya mkeka nyuma ya pikipiki, pamoja na chupa ya dawa ambayo maandishi yake yalikuwa yamefutika. Sikumwonyesha mtu. Niliificha nyuma ya magunia ya mpunga. Sababu? Uchoyo, jamani, niseme nini kingine! Wakijua ninayo, majirani watakuja kuazima. Wakijua ninayo, chama kitanitoa kwenye zamu, na mimi bado nilitaka dawa ya chama. Nilitaka kula huku na kule.

Kununua pompi yako si dhambi. Hilo nalisema mpaka leo. Dhambi yangu ilikuwa kuificha.

Nilichagua Ijumaa, saa ya sala, wanaume wakiwa msikitini na wanawake wengi wakiwa sokoni. Mzee siku zote alikuwa anapima dawa kwa kizibo, anainua mpaka machoni kama mtu anayepima dhahabu. Mimi nilimimina kwa macho tu. Halafu nikaongeza, ili hao viwavi wafe na ukoo wao. Nikapuliza mahindi, na mihogo iliyo katikati ikalowa vilevile. Mgongo uliniuma lakini moyo ulikuwa unacheza. Nilirudi nyumbani naimba.

Sikupita kwa mtu. Sikufunga kitambaa. Ningepita, wangeuliza: nani amekupulizia, na Papa Ramazani hajafika kwako? Wiki ile yeye alikuwa amepuliza kwa Mama Feza tu, shamba linalopakana na langu. Alitangaza kwa Mama Feza, akafunga vitambaa vyake upande ule, akaishia hapo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia mbele ya nyumba. Wifi yangu Mwamini, dada wa mume wangu, alitokea kwenye njia pamoja na wanawake wengine wawili. Kichwani alikuwa na beseni, na sombe imejaa mpaka inamwagika.

"Wifi!" alinipigia kelele kwa furaha. "Nilipita mu shamba yako. Sombe yako iko mulaini!"

Mungu wangu. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Neno moja lingetosha. "Mwaga!" Basi! Ningesema hilo tu, leo nisingekuwa naandika haya.

Lakini wale wanawake wawili walikuwa wananiangalia. Nilifikiri, wataniuliza maswali, pompi itajulikana, nitaitwa mchoyo na mwongo siku hiyo hiyo. Nikajidanganya kwamba sombe inatwangwa, inachemka mpaka inalainika kabisa, moto utamaliza kila kitu. Nikafungua mdomo nikasema:

"Haya, upike vizuri."

Nilimwambia apike vizuri! Mimi, kwa mdomo huu!

Jua lilikuwa bado juu nilipoitwa. Mwamini alikuwa chini uani, anatapika, mate yanamtoka bila kukoma, mikono inatetemeka. Mama mkwe wangu, aliyekula naye, alikuwa amelala kando ya ukuta anaita watoto wake waliokufa zamani. Nilimpakia Mwamini kwenye pikipiki, nikakaa nyuma yake, nikamkumbatia ili asianguke. Mama mkwe alifuata na pikipiki nyingine. Kila shimo la njia ile nilimsikia anagonga meno. Nilikuwa namwambia, "Kaza moyo, wifi, tunafika." Na kichwani nilikuwa napanga uongo.

Muuguzi wa kituo cha afya, kijana mpole, aliniuliza mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa nimesimama.

"Mama, alikula nini? Aligusa dawa yoyote, dawa ya shamba?"

"Hapana," nilisema. "Labda uyoga. Anapenda uyoga."

Akaanza kuhangaika na uyoga wangu. Mwamini ndiye aliyejiokoa mwenyewe. Alishika shati la yule kijana, akasema kwa shida: "Siyo uyoga. Sombe." Muuguzi akanusa matapishi, uso ukabadilika.

"Hii ni dawa ya viwavi. Sombe ya wapi?"

"Ya shamba ya wifi."

Wote waligeuka kuniangalia. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo haliniachi nilale. Sikungoja hata kuulizwa.

"Papa Ramazani alipiga dawa kwa Mama Feza," nilisema. "Ni karibu na kwangu. Upepo utakuwa ulileta. Na hakutuambia upande wetu, yule muzee!"

Lilitoka laini kabisa, kama ukweli. Watu waliamini papo hapo. Kwa nini wasiamini? Kijiji kizima kilijua pompi ni moja.

Mwamini na mama mkwe walipona, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Mama mkwe mkono mmoja ulibaki unatetemeka. Akinywa chai, kikombe kinagonga meno, na mimi natoka nje najifanya nafukuza kuku.

Papa Ramazani aliitwa mbele ya chama. Alivaa kofia yake safi, akasimama muda wote, hakutaka kiti.

"Mimi nilipiga kwa Mama Feza tu," alisema. "Siku ile upepo ulienda upande wa muto, haukuenda kwa mama huyu. Kama ni kosa yangu ningesema. Haiko yangu."

"Sasa nani?" mtu mmoja alimfokea. "Pepo iko na pompi?"

Watu hawakucheka safari hii. Mzee aliniangalia. Hakuniangalia kwa kunishuku, hapana, aliniangalia kama mtu anayeomba msaada, kwa sababu shamba lilikuwa langu na mimi ningeweza kusema upepo ulikwenda wapi. Nilikaza macho kwenye kanga yangu. Walimnyang'anya pompi pale pale.

Lakini si pompi iliyomuumiza. Yeye ndiye aliyekuwa akituchinjia kuku. Kwetu watu wengi walikuwa wakimpelekea, hasa siku za wageni, kwa sababu alikuwa na mkono mwepesi na kisu chake hakikosi makali. Baada ya mkutano ule watu waliacha. Mama mmoja alisema wazi kwenye kisima, "Mukono ya sumu itachinja chakula yangu?" Asubuhi mzee alikaa mlangoni kwake, kisu kimenolewa, watoto wanapita na kuku kwapani wakienda kwa mtu mwingine. Niliona. Hata mimi nilipeleka kuku wangu kwa huyo mwingine! Niliogopa nikienda kwake watu watajiuliza.

Baadaye alihamia Wamaza, kwa binti yake. Aliondoka bila kuaga nyumba kwa nyumba, yeye ambaye alikuwa haendi hata sokoni bila kutuambia.

Mnafikiri uovu wangu uliishia hapo? Chama kilihitaji mtu mpya wa pompi. Mwamini akasimama.

"Tumupe wifi yangu. Siku nilikuwa nakufa, ni yeye alinishika mu pikipiki njia muzima. Mutu kama huyo hawezi kutuua."

Wakapiga makofi. Nikakubali! Mngefanyaje mngekuwa mimi? Hapana, msijibu, najua mngefanyaje, mngesema ukweli. Mimi nilibeba pompi ya mzee. Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba natangaza, watu wananipa chai, wananisifu: "Weye uko mutu, hauko kama yule." Na mimi chai yao nilikunywa.

Nimeishi hivyo. Nilijizoesha. Mtu anazoea kila kitu, hata kujichukia.

Halafu juzi nilikuwa kwa Mwamini tunachambua mchele. Dereva wa pikipiki aliyetoka Wamaza akasimama uani, hata hakuzima injini.

"Dada Mwamini, niko na salamu ya Papa Ramazani. Anasema amefikiri sana. Anasema pengine upepo uligeuka, na yeye hakuona. Anasema macho yake haiko kama zamani. Anakuomba musamaha, weye na mama yako. Anaogopa kufa na deni yenu."

Akaondoa pikipiki yake akaenda zake.

Mnanisikia? Mzee yule ameshaanza kuamini uongo wangu! Alijua ukweli, alisimama nao mbele ya watu wote, na sisi tukamkataa mpaka yeye mwenyewe amejikataa. Sasa amekaa Wamaza anajihukumu usiku na mchana kwa dawa iliyotoka mikononi mwangu. Kumpokonya pompi, sawa, pompi ni chuma na plastiki. Nimempokonya mzee wa watu kitu alichokuwa na hakika nacho!

Mwamini alilia. Akasema, "Masikini, nimemusamehe zamani." Halafu akanishika goti. "Wifi, weye unajua kusema na watu. Uende Wamaza, umupelekee musamaha wangu."

Mimi ndiye ninayetumwa nikamsamehe Papa Ramazani.

Ninyi mnaogombana kwenye vyama vyenu kama kila mkulima awe na pompi yake au la, nisikilizeni mimi niliyeoza kwa jambo hili. Nunueni, nani awazuie? Viwavi hawana huruma. Lakini pompi ikiingia nyumbani kwako, ijulikane siku hiyo hiyo, jirani aijue, mkwe aijue, mtoto anayepita aijue. Kama unaona aibu kutangaza, au uvivu, au uchoyo kama mimi, basi iache kwa mtu wa chama na umpe chai yake kwa heshima. Na siku dawa yako ikimdhuru mtu, sema mbio, sema hata kama unatetemeka, kwa sababu muuguzi hawezi kutibu uongo. Msingoje kama nilivyongoja. Kila siku unayongoja, kuna mtu mwingine anayelipa, na hajui analipia nini.

Dereva wa pikipiki nimeshapatana naye, tunaondoka kesho asubuhi. Lakini siwezi kufika Wamaza na msamaha wa Mwamini mkononi, nimsamehe mzee kwa kosa ambalo hakulifanya. Nikiweka kalamu chini naenda kwa wifi yangu. Yuko uani kwake, namsikia kutoka hapa anatwanga. Nitamwomba aache mchi kwanza, anisikilize. Baada ya hapo kama bado atataka kumtuma mtu Wamaza, atajua mwenyewe amtume nani, na kusema nini.