Nafasi ya Sita

Sauti ninayomkumbukia Bluette Calame ni ndogo sana: kibano chake kikilazwa juu ya kioo cha meza. Ti. Kabla ya hapo alikuwa hapumui. Ukigusa kamani ya saa, iliyo nyembamba kuliko unywele, pumzi ya pua yako mwenyewe ni dhoruba. Basi aliizuia, akagusa, akalaza kibano, ti, ndipo akaishusha, na katika pumzi ile ulisikia miaka yake yote ikikaa chini.

Nilikuwa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na tisa, kule Locle, mji wa saa huko Uswisi, ghorofa ya juu ya kiwanda, madirisha yakitazama kaskazini ili jua lisituchezee macho. Wengine tuliunda saa. Yeye aliifundisha kutembea.

Watu hudhani bei ya saa ndiyo inayotunza wakati. Saa yetu moja ilikuwa na thamani ya gari, na bado ile ya plastiki ya muuza magazeti ingeishinda kwa usahihi, mchana na usiku, bila hata kutiwa ufunguo. Saa ya ufunguo ina mwili. Ukiilaza chali huenda hivi, ukiisimamisha huenda vile, kama mtu aliyebeba ndoo ubavu mmoja: haanguki, ila hatua zake si sawa. Kazi ya Bluette ilikuwa kuusogeza ule uzito, kwenye gurudumu dogo linaloyumbishwa na kamani, mpaka mwendo ulingane. Sekunde nne mbele au nyuma kwa siku, kiwanda kiliridhika. Yeye hakuridhika mpaka mbili.

Mwaka ule alikuwa na miaka sitini na moja. Bega la kulia lilikuwa juu kuliko la kushoto, na jicho la kutazamia lenzi lilikuwa likimtoka machozi kuanzia saa tisa alasiri. Jioni alikunywa kahawa ya maziwa, akala mkate na jibini, akalala. Alihesabu majira ya baridi yaliyobaki kabla ya kustaafu. Yalibaki ya mwaka mmoja.

Jumatatu moja ya Septemba, msimamizi wetu, Reynold Maire, kijana wa shule ya ufundi, mpole ila mwenye haraka, alimwekea mbele sahani ndogo yenye saa ya mwanamume.

"Imerudi," akasema.

"Naiona."

"Mara ya tatu, Bi Calame. Inachelewa sekunde kumi na nne kwa siku."

"Kwake inachelewa. Kwangu haichelewi."

"Basi labda tumuuzie na mkono wako."

Wanawake wa meza ya nyuma wakacheka. Bluette naye akatabasamu kwa upande, kwa sababu mzaha ulikuwa mzuri.

"Nakupa mpaka Jumatatu ijayo jioni," Maire akaendelea. "Ikiwa bado, tunatoa gurudumu na kamani yake, tunatia mpya zilizopangwa na mashine. Dakika ishirini, kazi imekwisha."

"Na za zamani?"

"Kopo lipo."

Kopo lilikuwa chini ya dirisha, la biskuti, limejaa magurudumu ya watu waliokwisha kufa.

Saa ile ilikuwa ya Numa Vuille, aliyeng'arisha majumba ya saa, yale maganda ya nje ya chuma, ghorofa ya chini kwetu kwa miaka arobaini. Alipotimiza miaka ishirini na mitano kazini kiwanda kilimpa saa, kama kinavyompa kila anayefika hapo, na Bluette ndiye aliyemrekebishia. Chini ya gurudumu, ukitazama kwa lenzi, kulikuwa na b ndogo aliyoikwaruza kwa sindano. Ilimtembelea Numa bila lawama mpaka alipofariki Februari ile. Sasa mjane wake, Edmée, ndiye aliyekuwa akiirudisha. Karani wa chini aliandika kwenye kadi mistari miwili tu: Inachelewa sek. 14. Mteja anaomba kisibadilishwe kitu ndani.

Bluette aliisoma kadi ile mara mbili, akaisimamisha kwenye taa mbele yake, na haikutoka hapo wiki nzima.

Aliipima saa kwenye mashine, ile inayosikiliza mapigo na kuyachapa kama nukta kwenye ukanda wa karatasi. Uso juu, uso chini, kifundo cha ufunguo, kile cha ubavuni mwa saa, kushoto, kulia, chini. Nafasi tano. Nukta zikajipanga kama kunguru kwenye waya. Kisha akaivaa, maana ndiyo desturi: saa yenye lawama huvaliwa na fundi siku kadhaa, ifue nguo, imenye viazi, ilale na mtu. Kila saa sita mchana aliilinganisha na mlio wa redio.

Alhamisi nikamuuliza, "Vipi?"

"Sekunde moja mbele. Kwa siku tatu, shoga. Inatembea kama mchungaji anayekwenda ibadani."

"Mwambie Maire."

"Nimemwambia. Kasema mteja haishi ndani ya mashine wala kwenye mkono wangu." Akavua lenzi, akalifuta jicho kwa kona ya aproni. "Na kasema kweli. Nimechoka, Ginette. Ningemwachia tu. Dakika ishirini."

Nilidhani atamwachia. Akairudisha mkononi, akafunga mkanda.

Jumamosi ilikuwa karamu yetu ya malishoni. Kila mwaka, ng'ombe wakishateremka, kiwanda hupanda juu, moto wa matawi ya msonobari huwashwa tangu asubuhi, na soseji zilizofungwa kwenye karatasi hufukiwa katika jivu. Wastaafu huitwa, na wajane huitwa. Edmée Vuille alikuja na kisu chake mwenyewe, akakaa karibu nasi kwenye gogo, akakunja mikono ya sweta na kuanza kumenya viazi. Alikuwa ameshinda kiangazi chote akikata majani ya ng'ombe kwa dada yake, mikono imeiva kama ukoko wa mkate.

Bluette alikuwa anatazama moto. Kisha nikaona hatazami moto tena.

Kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa Edmée kulikuwa na pete nyeupe ya ngozi isiyoona jua, pana, ya mkanda wa kiume. Na mkono wa kushoto alivaa saa ndogo ya kike, kioo chake kimekwaruzika.

"Edmée," Bluette akasema, "saa ya Numa unaivaa mkono gani?"

"Huu." Akainua wa kulia, na kisu ndani yake. "Wa kushoto una mwenyewe. Hii Numa alinipa tulipochumbiana. Sijapata kuivua nikampisha mwingine."

"Hata yeye?"

"Hata yeye. Atakaa kulia. Nyumbani pia alikuwa akikaa kulia."

"Usiku unaiweka wapi?"

"Nimvue nimpeleke wapi?"

Bluette akaweka karatasi ya soseji gogoni. "Ulimwambia karani kwamba unavaa kulia?"

"Hakuniuliza. Mimi nitajua nini, mama? Nilidhani saa ni saa." Akatupa kiazi ndooni, akachukua kingine. "Siku ya maziko nilizipatanisha zote mbili, kengele ya saa nane ilipolia. Nikasema haya, twende. Jioni ile ile akawa nyuma kidogo. Baada ya wiki, dakika na nusu. Sasa nikitazama kushoto nimeshakunywa kahawa, nikitazama kulia yeye bado maji hayajachemka. Mnanirudishia, naipatanisha, tunaanza upya, anabaki nyuma tena. Ndiyo nikasema msimbadilishie kitu. Mkimtia moyo wa mwingine akanifikia, atakuwa nani huyo aliyenifikia?"

Soseji ya Bluette ilipoa kwenye karatasi yake.

Nitalieleza kwa ufupi. Saa ikiwa mkono wa kushoto, ukiuteremsha mkono, kifundo cha ufunguo hutazama ardhi. Ikiwa wa kulia, kifundo hutazama mbingu. Hiyo ndiyo nafasi ya sita, na sisi hatukuipima. Hakuna aliyekataza. Watu wetu wote huvaa kushoto, tulijaribu saa kwenye mikono yetu ya kushoto, na muda ni mchache. Tena palikuwa na mzaha, kila mwanagenzi aliufundishwa wiki ya kwanza: anayeishi kifundo juu ni popo, na popo hanunui saa. Mzaha huo ulikuwa wa Bluette mwenyewe. Mimi nami aliniambia siku yangu ya pili, nikacheka mpaka nikaangusha skrubu.

Tulipokuwa tukiteremka, moshi nguoni, alinishika mkono kwa sababu magoti yalikuwa yakimuuma.

"Miaka thelathini nawachekesha na popo," akasema. "Kumbe popo yupo, anamenya viazi."

Jumatatu asubuhi aliisimamisha saa kwenye mashine, kifundo juu. Nukta zikaanza kuteremka, zikateremka kama watu wanaotoka kanisani mlangoni pembamba. Kumi na nne. Maire akaja akasimama nyuma yake.

"Basi rahisi," akasema. "Mwambie aivae kushoto."

"Kushoto kumekaliwa."

"Aigeuze, basi. Kifundo kielekee vidoleni."

"Asome saa kichwa chini, mjane wa watu? Wewe mama yako ungemwambia hivyo?"

Maire akajikuna shingo. "Bi Calame, unajua nitakalosema. Ukiinyoosha kwa mkono wa kulia, utaipotosha kwa wa kushoto."

"Najua."

"Leo ni ya Edmée. Kesho keshokutwa anairithi mpwa, anaivaa kushoto, inakimbia sekunde kumi. Fundi wake anaifungua, anaona b chini ya gurudumu. Atasema, ni mpumbavu gani huyu?"

"Atasema."

"Na mpya ingekwenda sawa pande zote. Dakika ishirini."

"Nimekusikia, mwanangu. Jioni bado."

Hakumwita mwanangu kabla ya siku ile, wala baada yake. Maire akaondoka.

Nje ya ufundi watu hawajui jambo hili, nasi ni mara chache kulisema: kosa la saa halifutiki. Huhamishwa. Unalichukua mahali linapomuumiza mwenye saa, unalipeleka mahali ambapo hatafika. Kwa Numa, zamani, Bluette alikuwa amelificha juu, alipo popo. Sasa alipaswa kulitoa huko kwa mkono uliozeeka tangu siku zile na kulipeleka chini, kwa mkono wa kushoto, kwa mtu ambaye bado hajaja.

Alianza saa mbili. Alitoa gurudumu, akapunguza ukingoni vumbi la chuma ambalo usingeliona kwenye ukucha, akarudisha. Kumi. Akatoa tena. Akagusa mkunjo wa nje wa kamani. Ti. Saba. Saa sita kengele ililia, tukashuka kula supu, yeye hakushuka. Nilimpandishia kikombe, kikaota ngozi juu. Saa nane, tano. Saa tisa jicho likaanza kutoka machozi kama kawaida yake, akawa anagusa, anasubiri chozi lianguke kwenye aproni, anagusa. Mara moja kibano kiliteleza, sote tukasikia, na hakuna aliyeinua kichwa. Ilikuwa heshima yetu kwake.

Saa kumi na robo, ti. Akaiweka kwenye mashine, kifundo juu, akakaa mikono imelala mapajani.

Mbili nyuma.

Akautazama ukanda ule muda mrefu. Nilimjua. Miaka kumi nyuma asingeinuka hapo kabla ya sufuri. Akaunyoosha mkono wa kulia kuelekea kibano, ukafika nusu njia, akaurudisha.

Maire alikuja, akasoma nukta, akatazama kadi iliyosimama kwenye taa. Katika mfuko wa koti lake la kazi alikuwa na kibahasha chenye gurudumu jipya. Alikitoa, akaenda akakifungia kwenye droo.

"Funga saa," akasema, na akaenda kuzima mashine mwenyewe.

Edmée alikuja Jumanne, kabla ya saa sita. Bluette aliteremka hadi kwa karani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilimfuata kwa kisingizio cha barua. Edmée akavua ile ndogo ya kushoto, akaiweka juu ya kaunta kando ya ile ya Numa, na wale wanawake wawili wakasimama vidole kwenye vifundo vya saa, vimevutwa nje ili mishale isimame, wakisubiri kengele. Ikalia. Wakavisukuma ndani pamoja.

Ile ya kushoto Edmée akaivaa mwenyewe. Ya kulia akamwachia Bluette, akaunyoosha mkono kama mtu anayepimwa na daktari. Bluette akapitisha mkanda, akatafuta tundu la nne, palipokuwa na ile pete nyeupe.

"Sasa tutakwenda pamoja?" Edmée akauliza.

Karani alimtazama Bluette. Nami nilimtazama. Neno la kujibu lilikuwa moja tu, fupi, na yeyote kati yetu angelitoa.

Bluette hakuuachia ule mkono. Aliinamisha kichwa karibu na saa, kama alivyokuwa akifanya miaka yote, akasikiliza, akashusha pumzi.

"Atachelewa sekunde mbili kwa siku," akasema, kwa sauti ambayo mimi na karani tuliipata kwa shida. "Msubiri."